Mashimo ya Bustani ya Manyoni

Bustani ya Mji,
Manyoni.
2 Juni, 1974.

Kwa shemeji yangu Marietha, mke wa kaka na wangu wa akiba,

Nakusalimu salamu nyingi kuliko mashimo ya bustani hii, na habari za mashimo yenyewe zinakuja. Mimi ni mzima, isipokuwa goti la kushoto ambalo limegoma kazi bila kutoa taarifa. Meno yamebaki saba nayo hayaelewani. Nataka kujua wewe hali yako, macho yako, kile kifua cha kipupwe, na mbuzi wako yule mweusi mwenye tabia kama zangu. Kaka Lazaro umwambie shikamoo yake naiweka hapa kwenye karatasi, aichukue mwenyewe, maana nikimtumia kwa mdomo wa watu hufika imepoa.

Ezekieli wenu alipita hapa mwezi wa nne kununua sufuria za harusi. Nilimlaza kwangu, nikamlisha, nikamtania mpaka akaomba apande basi la mapema. Aliniambia kwamba siku hizi kule Ihanja unakwenda kisomo cha watu wazima kila jioni, na kwamba umesoma mwenyewe kibao cha duka la kijiji ukamwambia mwalimu kuna herufi imesahauliwa. Nilicheka sana. Mimi wa darasa la nne la mishenini, niliyefukuzwa kwa kumwigiza padri anavyopiga chafya, sasa nina mwenzangu! Kisha nikaacha kucheka ghafla, hata kijana akaniuliza kama ni meno. Sababu ya kuacha utaiona mbele. Usiruke mistari, Marietha, nakujua.

Aliniambia na jambo la pili, akiwa ameinamia kikombe cha chai. Kwamba harusi yake ni mwezi wa saba, mtama ukishaingia ghalani, na kwamba si wewe utakayempokea bibi harusi. Atasimama dada yetu Yunisi. Nilimuuliza kwani mama yako amekufa? Akasema wazee wamekaa, na baba yake amekubali, kwa sababu ya bangili.

Desturi ya nyumba yetu unaijua kuliko mimi. Mama mwenye mji husimama mlangoni, akaivua mkononi mwake ile bangili ya shaba aliyovishwa na mama mkwe wake, akamvisha mke wa mwanawe wa kwanza, ndipo mgeni avuke kizingiti. Mama yetu alikuvisha wewe. Na wewe mkono wako ni mtupu tangu sikukuu ya Uhuru, mwaka wa kumi na tatu huu. Ezekieli alisema Yunisi amekwisha nunua bangili mpya dukani, inang'aa kama kijiko. Alisema pia wewe hukubisha neno, ulikwenda kuchota maji tu. Hapo ndipo aliponiumiza, kwa hayo maji. Ungebisha ningelala.

Basi tuweke hayo jikoni yachemke, nikupe habari za bustani.

Unaikumbuka bustani. Iko kati ya ofisi na stesheni, ina miti minne ya mikrismasi na mabenchi mawili, moja halina mgongo. Mimi ndiye mtunzaji wake tangu mwaka hamsini na saba, namwagilia, nafagia, nafukuza mbuzi na wapenzi. Ila miaka hii kumi na mitatu kazi yangu kubwa imekuwa kufukia mashimo. Mji mzima unachimba. Wanasema Wajerumani walipokimbia vita ile ya kwanza walizika masanduku ya rupia hapa, wasiweze kuyapakia kwenye treni. Fundi cherehani amechimba, polisi mstaafu amechimba, wauza karanga wamechimba na vijiko. Mwalimu wa dini nilimkuta alfajiri moja ameingia mpaka kiunoni, nikamuuliza anatafuta nini, akanijibu anatafuta minyoo ya kuvulia samaki. Manyoni, shemeji! Samaki wa wapi, wa kwenye tenki la reli?

Walichopata ni misumari ya reli, vizibo vya soda, vifungo vya koti la askari, kufuli lisilo na ufunguo, na sarafu moja ya Mjerumani, heller, yenye tundu katikati. Hiyo heller ndiyo iliyowaharibu kabisa. Aliyeipata aliivaa shingoni kwa uzi, na kesho yake walikuja wachimbaji ishirini. Mwisho ardhi ile ikawa kama uso wa mtu aliyepona ndui, na watu wakaanza kusema imekwisha, hakuna pasipochimbwa, kama kitu kilikuwepo kimekwisha ondoka.

Mwezi wa tano akaja Idrissa. Huyu ni fundi wa maji, ametumwa kutoka Dodoma, mtu mwembamba, mpole, anaswali saa zake na hacheki ovyo. Mabomba ya stesheni yalikuwa yamekauka, na bomba kubwa la zamani lilizikwa na Waingereza ambao ramani yake hawakutuachia. Alikuja na mashine ya jeshi, ya kutafutia mabomu yaliyotegwa ardhini. Ni mti mrefu, mwishoni una kitu mfano wa sinia, na waya unakwenda kwenye vidude viwili unavyovaa masikioni. Sinia likipita juu ya chuma, masikioni kunalia. Lisipopita, unasikia mvumo kama wa nyuki walio mbali.

Siku ya kwanza bustani ilijaa watu kuliko siku ya mnada. Kila mashine ilipolia walimsukuma Idrissa pembeni wakaanguka na majembe. Kizibo. Wakasukumana tena. Msumari. Katibu wa tawi letu la chama, ndugu Urbano, alilazimika kuja na filimbi. Akatangaza kwamba fundi yuko kazini, asiguswe, na kwamba chochote kitakachotoka ardhini ni mali ya umma na kitakwenda kwenye kabati la tawi, kiwe rupia au kiwe meno ya Mjerumani. Umma ulipopewa mali yake ukaondoka kwenda kula. Tukabaki mimi na Idrissa.

Nilimwambia asipoteze muda, mahali hapa pamekwisha tafutwa na kila mwenye mikono miwili. Akaniambia kwa upole wake kwamba mahali palipotafutwa sana ndipo palipoachwa vitu, kwa sababu kila mmoja alikimbilia sauti kubwa. Alisema kizibo kinalia sana kwa sababu kiko juu, na kitu kilicho chini yake hakiwezi kusikika. Unachotakiwa ni kuondoa takataka kwanza, moja moja, hata kama zinakuchosha, halafu urudi pale pale polepole na kusikiliza tena. Na ukikata udongo uukate kama unavyokata ugali, uuinue, utazame, uurudishe na majani yake juu, mwenye bustani asione kidonda. Nilimpenda hapo hapo. Katika wachimbaji wote wa Manyoni huyu ni wa kwanza kunihurumia.

Basi siku tisa nilitembea nyuma yake na ndoo. Yeye anasikiliza, mimi nakata, nachomoa, natia ndooni. Tulijaza ndoo mbili na nusu za vizibo na misumari. Aliniuliza mtunza maua ana haraka gani na vizibo, mbona goti linauma na hasemi apumzike. Nikamwambia napenda usafi. Alinitazama kidogo, akaendelea.

Siku ya kumi alilipata bomba. Linapita chini ya ile njia ya katikati, linalia mfululizo kama mbuzi aliyefungwa mvuani. Akaweka vigingi vyake, akasema kazi ya kutafuta imekwisha, ahsante mzee. Nikamwomba anivike vile vidude masikioni nisikie hilo bomba linavyolia, nikawasimulie watu. Akanivika. Nikatembea juu ya bomba polepole, hatua kwa hatua, nikisikia mlio ule ule, ule ule, mpaka karibu na mkrismasi wa tatu. Hapo mlio ukashtuka. Kidogo tu, Marietha, kama mtu anayekoroma akageuka upande. Nikarudi nyuma. Ukashtuka tena. Nikamwambia Idrissa hapa pana kitu kingine ubavuni mwa bomba. Akavaa yeye, akasikiliza muda mrefu, akasema masikio yako mzee si ya uzee.

Nilikata udongo kama ugali, nikauinua. Kilitoka kitu cha kijani kama chura. Nikakisugua kwa pindo la shati, nikaona mikato mitatu ya patasi, na pale ukingoni palipobonyea, ambapo bibi yetu aligonga kwa mchi.

Ni bangili yako, Marietha. Kaa chini kama umesimama.

Sasa utauliza bangili yako ilifikaje chini ya bustani ya Manyoni, wakati uliivua dirishani kwangu ukikanda unga, mkesha wa Uhuru, mlipokuja wewe na kaka kusherehekea. Nitakuambia, na mkono huu unaoandika ndio wenyewe.

Niliichukua mimi. Wewe ni mtani wangu, mke wa kaka yangu, na asubuhi ile ulikuwa umenitukana mbele ya majirani kwamba nanuka kama beberu aliyeoga. Nikasema ngoja. Mtani akiteka kitu cha mtani hukificha, mwenyewe hukikomboa kwa pombe, watu wakacheka, jua likazama kila kitu kikiwa mahali pake. Ndiyo sheria. Nilitaka kibuyu kimoja cha pombe na uniombe radhi mbele ya wale wale majirani. Nikaipeleka bustanini, nikahesabu hatua tisa kutoka mlingoti wa bendera kuelekea stesheni, nikachimba mpaka jembe likagonga kitu kigumu. Nilidhani mwamba. Nikaifukia, nikarudi nyumbani kula, nikikutazama kwa jicho moja na kujisifu.

Nilipokwenda kuichukua jioni, mlingoti haukuwepo. Wafungwa walikuwa wameletwa mchana, wameung'oa ule wa Mwingereza, wamesimika mpya upande wa pili, wamesawazisha ardhi yote kwa ajili ya ngoma, na watu elfu walikuwa juu yake wanacheza. Nchi nzima ilifurahi usiku ule. Mimi peke yangu nilitoa machozi, na majirani wakasema tazameni Alute, anavyoipenda nchi yake.

Niliporudi mlikuwa mnaitafuta. Ungeniona uso wangu ungejua, lakini wewe ulikuwa unatazama chini ya kila kitu. Mimi ndiye niliyeinua mkeka. Mimi ndiye niliyekuuliza kama hukuidondosha kwenye lori. Nilijiambia kesho nitaichimbua, mambo yaishe kwa kicheko. Kesho nikachimba, nikidai napanda maua. Keshokutwa nikachimba. Ninyi mkaondoka, na mama akakuuliza bangili iko wapi mbele ya wifi zako wote, akaamini umeiuza. Jua lilikuwa limezama, Marietha. Utani uliovuka jua jina lake ni wizi, na mimi nilishindwa kulitamka jina hilo.

Hizo rupia za Mjerumani ni zangu. Nilizizika mimi kwa mdomo. Peke yangu na jembe moja nisingeimaliza bustani, kwa hiyo nikamnong'oneza kinyozi mmoja, nikamwapisha asimwambie mtu, na kabla hajamaliza kidevu cha pili mji ulikuwa umekwisha nunua majembe. Miaka kumi na mitatu wamenichimbia bure. Kila asubuhi nilipita shimo kwa shimo kabla sijalifukia, nikitafuta chako. Walipogonga bomba walidhani mwamba kama nilivyodhani, wakahama.

Mwaka sitini na sita mama alipokuwa anakufa nilikuwepo. Ulileta uji. Alikataa kuunywa mkononi mwako, akasema hanywi uji wa mwanamke aliyeuza mlango wake. Ukaweka bakuli chini ukatoka. Mimi nililiokota, nikamnywesha, akanibariki. Baraka ile sijawahi kuilalia. Nilikuwa na kinywa, Marietha, kinywa ambacho hakijawahi kukosa la kusema tangu kizaliwe, na siku ile kilishika kijiko.

Mara nyingi nilitaka kukuandikia. Lakini hukujua kusoma, na barua ingesomwa na kaka, au na Yunisi, na wewe ungeisikia aibu yangu wakati mmoja na watu wote, ukiwa umesimama na ndoo. Sikukuona kama ni haki. Hicho ndicho kisingizio changu. Ezekieli aliposema unasoma, kikanifia mkononi.

Sasa turudi bustanini, siku ile ya kumi: ndugu Urbano alikuwa amefika na filimbi yake. Akaichukua bangili, akaisifu, akaifungia kabatini pamoja na bendera ya akiba na betri za redio. Nikamwambia ina mwenyewe. Akasema kama ina mwenyewe, aeleze mbele ya mkutano ni ya nani na ilifikaje pale. Hakuwa na ubaya wowote, ndivyo alivyotangaza siku ya kwanza mbele ya watu.

Jana Jumamosi ulikuwa mkutano wa tawi, pale pale bustanini. Nilisimama. Nimewachekesha watu wale kwenye misiba yao, lakini jana sikuanza na mzaha. Nikawaambia yote kama nilivyokuandikia, na rupia pia. Kisha mwalimu wa dini akanyanyuka, akauliza kwa hasira kama ni kweli yeye, mtu wa Mungu, aliingia ndani ya udongo mpaka kiunoni kwa sababu ya uongo wangu. Nikamjibu kwamba yeye hakudanganyika, alikuwa anatafuta minyoo. Hapo umma ukaanguka chini kwa kicheko, na mimi nikadhani nimepona.

Lakini bibi mmoja muuza karanga, Felista, hakucheka. Alingoja wanyamaze, akasema mashimo ya bustani si kitu, Alute ameyafukia kila siku. Akaniuliza lile la Ihanja nimelifukia siku gani. Watu wakatazama miguu yao. Nami nikatazama yangu, mibaya kweli.

Wakaamua nipewe bangili, na adhabu yangu nivifukie upya vishimo vyote vilivyodidimia, mia moja na kumi na vitatu, na kuvipandia majani, bila kusaidiwa. Nimeanza leo baada ya misa. Idrissa aliacha vigingi vyake akaja kunishikia ndoo, nikamfukuza, akakaa kwenye benchi lisilo na mgongo akinitazama. Akasema kwa taratibu zake kwamba nisisahau kurudisha majani juu. Bangili iko hapa mezani ninapoandika. Sikuisugua tena. Kijani chake ni cha miaka yako, usugue mwenyewe ukipenda.

Sitaituma kwa mtu. Barua hii nampa kondakta wa basi, na mimi mwenyewe nitakuja Jumamosi ijayo, na debe la asali ya Itigi kwa ajili ya pombe ya harusi, maana safari hii mwenye kukomboa ni mimi. Isome kwanza peke yako, hata mara tatu. Halafu mpe Ezekieli aisome kwa sauti mbele ya kaka, mbele ya Yunisi na wazee waliokaa, wasiruke mstari hata mmoja, na ule wa uji wausome mara mbili. Kaka akitaka kunipiga aanze na upande wa kulia, wa kushoto umekwisha jipiga.

Wasalimie wote wa hapo na majirani wanaonijua, na wasionijua wabahatike kubaki hivyo. Yunisi mwambie bangili yake mpya ni nzuri, aivae mwenyewe kanisani.

Nikifika sitaingia uani. Nitakaa nje kwenye lile jiwe la kunolea mapanga, mpaka uniite. Zamani ulikuwa ukiniita mume wako wa akiba. Ukiniita hivyo nitaingia na kelele zangu zote. Ukiniita Ignas, jina la ubatizo, kama unavyowaita wageni, nitaelewa; nitakupa bangili yako mkononi, nitaweka asali mlangoni, nitapanda basi la kurudi kwenye mashimo yangu. Na siku ya harusi usimame wewe mlangoni, uniite au usiniite.

Ni mimi niliyeinua mkeka,

Ignas Alute